Morris ya turubai Unguja: chumvi kwanza, rangi mwisho

Mtu akinipeleka kuona gari ya zamani, sitazami rangi. Napitisha kidole ndani ya madigadi, pale juu matope yanaponata, kisha naonja. Wenyewe hucheka. Lakini ulimi hausemi uongo: gari iliyolala miaka kumi ufukweni Bububu ina ladha yake, na iliyolala Dole chini ya mikarafuu ina ladha nyingine. Ya pili ni udongo mtupu, na udongo hauli bati kama chumvi inavyolila.

Mwongozo huu ni wa Morris Minor ya paa la kukunja. Nimeichagua kwa sababu ndiyo ninayoijua. Yangu nimeifungua hadi nati ya mwisho na kuifunga tena, baadhi ya sehemu mara mbili, maana mara ya kwanza nilianza na rangi. Ilitoka gereji inang'aa kama sinia la harusi. Masika ya pili rangi ikaanza kufura vipele chini ya milango. Nilipochokoa kipele kimoja kwa bisibisi, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Kumbe nilipaka rangi juu ya chumvi. Jambo hilo nitalirudia hapa mpaka unichoke.

Morris Minor ilisanifiwa na Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kusanifu Mini, na ilianza kutengenezwa Cowley, Oxford, mwaka 1948. Ya paa wazi ilikuwamo tangu mwanzo na iliendelea hadi 1969. Injini zake za kwanza ni za cc 918, kisha 803 kuanzia 1952, 948 kuanzia 1956 na 1098 kuanzia 1962. Ukiwa na hiari, tafuta ya 948 au ya 1098. Zina nguvu ya kutosha kwa barabara zetu, na vitu vingi vya ndani ya injini vinaingiliana na vya MG Midget na Austin-Healey Sprite, kwa hiyo spea bado zinatengenezwa Uingereza na unaweza kuagiza kipande kimoja kimoja.

Ikiwa wewe una Land Rover ya turubai au gari nyingine ya rika hilo, namba za vipimo zitabadilika. Chumvi ni ile ile.

Kuikagua kabla hujatoa pesa

Anza na kibati cha namba ndani ya boneti. Kwenye gari za kuanzia 1958, namba inatanguliwa na herufi zinazotaja aina ya bodi, na ya turubai huanza na MAT. Ukikuta MA2S, hiyo ilizaliwa na paa la bati na milango miwili, kisha ikakutana na mtu mwenye msumeno. Kuikata si dhambi, lakini lazima ujue ilivyokatwa. Morris haina chesisi kamili kama lori. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na paa la bati ni sehemu ya uti huo. Ukiliondoa, gari hulegea kiunoni. Kiwandani walilijua hilo, wakaongeza mabati ya kuimarisha ndani ya vizingiti vya chini ya milango, kwenye boriti inayokatiza chini ya viti vya mbele, na kati ya dashibodi na nguzo za milango. Lala chini na tochi uyatafute. Yasipokuwepo, hesabu gharama ya kuyaweka kabla hujataja bei yoyote.

Kisha jaribu milango. Ifungue, watu wawili wazito wakae mbele, halafu ifunge polepole. Mlango ukigusa nguzo ya nyuma au ukigoma kukamata kitasa, gari imekaa kitako: vizingiti vimeoza, hata kama kwa nje vina rangi nzuri. Muuzaji atakwambia ni bawaba. Mwambie ahsante, uendelee kuchokoa.

Chokoa kwa bisibisi butu: vizingiti, sakafu chini ya zulia, boriti ya katikati, mahali springi za nyuma zinaposhikwa, ncha za chini za madigadi, na mihimili miwili ya mbele inayobeba injini. Bati zima hulia kengele. Bati lililooza hulia kama kifuu kikavu. Linganisha namba ya injini na ya bodi na zilizoandikwa kwenye kadi ya gari. Gari isiyo na kadi iache, hata ukipewa bure, maana kuitafutia karatasi kunachosha kuliko kuichomelea.

Kupanga kazi kwa upepo

Manahodha wa zamani walipanga safari kwa kaskazi na kusi. Panga hivyo hivyo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua ni kali na mvua ni chache: fungua gari, kwangua, agiza spea. Masika ikiingia, Machi hadi Mei, usiguse rangi wala usiache bati tupu. Ndiyo miezi ya kukaa bandani na injini, gia boksi na kabureta, na ya kukinga maji ya mvua. Kusi, Juni hadi Septemba, ndio wakati wako mkubwa. Hewa imepoa na mvua ni kidogo, basi chomelea na upake rangi. Vuli ikianza Oktoba ikute turubai limeshafungwa.

Usidhani nakwambia yote yaishe mwaka mmoja. Mimi ilinichukua miaka mitatu, na mke wangu anasema minne.

Unapofungua, piga picha kwa simu kila hatua, khasa nyaya na mabomba. Nati za kila sehemu zitie kwenye kopo lake, uandike jina kwa kalamu ya wino usiofutika. Na jambo moja litakalokuokoa: nati za gari hii ni za inchi. Spana ya milimita 13 itaonekana inaingia kwenye nati ya nusu inchi, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7, lakini nati iliyoshika kutu hutaka spana iliyobana sawasawa. Ukitumia ya 13 utaiviringa pembe zake. Tafuta seti ya inchi, hata ya mtumba.

Kuitoa chumvi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanaporuka.

Kutu iliyoshiba chumvi haiishi kwa kukwanguliwa. Chembe za chumvi hujificha ndani ya vishimo vidogo vya bati ambavyo hata brashi ya waya haifiki. Ukipaka juu yake, hewa yetu ya unyevu hupenya polepole, chumvi inauvuta unyevu huo, na kutu inaendelea gizani. Dawa yake ni maji matamu, mengi, kabla ya kitu chochote kinachotoka kwenye kopo.

Lakini maji gani? Visima vingi vya karibu na pwani vina magadi au chumvi. Jaribu kwa sabuni: yasipotoa povu upesi, hayo si ya kazi hii. Mimi hukinga ya masika kwenye mapipa mawili, na ndiyo ninayotumia pia kwenye rejeta.

Fanya hivi, kipande kwa kipande, usifungue eneo kubwa kuliko utakaloweza kulifunika siku hiyo:

1. Kwangua rangi, puti na kutu inayobanduka mpaka uone chuma. Tumia brashi ya waya, msasa na grainda, na uvae miwani.
2. Osha kwa maji matamu ya moto na sabuni kidogo, ukisugua kwa brashi ngumu. Suuza. Rudia mara tatu.
3. Kausha papo hapo kwa kitambaa, kisha jua au kipuliza hewa ya moto. Usiruhusu likauke lenyewe kivulini.
4. Paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, iache ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha fuata maelekezo yake ya kusuuza.
5. Bati likikauka kabisa, paka prima ya epoksi siku hiyo hiyo, jua lingali juu.

Hatua ya tano haina mjadala. Bati tupu likilala usiku mmoja karibu na bahari, umande wa alfajiri utaliamsha likiwa la rangi ya chungwa.

Watu watakushauri upige bati mchanga kwa kompresa. Kwa vyuma vinene vya chini, sawa. Kwa milango na boneti, mchanga wa nguvu hulipinda bati jembamba na hulinyooshi tena. Na usije ukachota mchanga wa ufukweni, maana utakuwa unalipiga bati chumvi kwa kasi ya risasi. Hata mchanga wa bara vumbi lake huharibu mapafu. Nimewaona vijana wakiifanya kazi hiyo na kitambaa tu puani, na sikupenda nilichokiona.

Vizingiti na kuchomelea

Kabla ya moto wowote, toa tenki la petroli kabisa na ulipeleke mbali, fungua betri, toa viti na mazulia, weka kizima moto na ndoo ya maji karibu. Tenki lenyewe likivuja, usiruhusu mtu alichomelee hivi hivi eti kwa kuwa lina siku nyingi halina petroli. Mvuke ndio unaolipuka.

Kosa kubwa la gari ya paa wazi ni kukata vizingiti vyote viwili kwa pamoja. Ukifanya hivyo, gari itajikunja katikati bila kukuaga, na milango haitafunga tena maisha yake. Ipandishe kwenye stendi nne, iwe sawa kwa timazi. Funga milango, urekebishe bawaba mpaka nafasi ya mlango na nguzo iwe sawa juu na chini. Upime na uandike. Kisha fungua milango na uchomelee mabomba ya chuma kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, mawili kila upande, moja juu na moja chini. Hapo gari ina mbavu za muda, na sasa ndipo unapokata, upande mmoja, sehemu ndogo.

Tumia bati la milimita 1.2, na nene zaidi kwa vipande vya kuimarisha. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima. Usivike bati jipya juu ya lililooza, maana baina yao chumvi hupata nyumba. Choma nukta hapa, nukta kule, uache pumzi kati yake, bati lisipinde kwa joto. Kila baada ya dakika kadhaa toa macho yako kwenye moto na upime mlango. Mbavu za chuma zenyewe zibaki mpaka pande zote mbili zimekwisha.

Ndani ya kizingiti rangi haifiki. Yeyusha grisi na nta katika oili, chombo kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kisha ipulize ndani kwa mrija mrefu. Fundi mmoja wa majahazi wa Nungwi aliponiona nikihangaika alinishangaa.

"Kwa nini hutii sifa? Mbona vyombo vyote vinapakwa sifa na vinadumu?"

"Ami, hiyo ni ya mbao."

"Mbao na bati, bahari ni moja."

Nikajaribu kwenye mlango mmoja. Sifa hiyo, yaani mafuta ya papa, kweli ilishika, lakini kwa wiki mbili paka wote wa mtaa walilala chini ya gari yangu, na abiria wakawa wanapanda mlango wa upande wa pili. Rudi kwenye grisi na nta. Ila neno lake la mwisho nililishika: chombo hupakwa deheni, mafuta mazito ya kukinga mbao, kila mara, si siku ya kushushwa majini tu. Grisi ya vizingiti irudie kila mwaka kabla ya masika, na uhakikishe matundu ya chini ya kutolea maji hayakuzibwa na puti.

Injini, kwa ufupi

Sitakaa sana hapa, kwa sababu injini ndiyo sehemu isiyokusumbua. Ni silinda nne, mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2, na fundi yeyote mwenye subira anaielewa. Nafasi ya tapeti ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi, plagi karibu milimita 0.6, pointi za delko karibu milimita 0.4. Oili ni 20W50 ya kawaida, karibu lita 3.7 pamoja na filta. Usidanganywe na oili nyepesi za gari za kisasa. Injini hii itaivujisha kila pembe. Gia boksi nayo hutumia oili ya injini, si ile nzito ya difu.

Ikifunguliwa kichwa, tia viti vya valvu vya chuma kigumu upande wa ekzosi. Injini hizi ziliundwa wakati wa petroli yenye madini ya risasi, na petroli hiyo iliachwa katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Bila risasi, viti laini vya zamani huliwa polepole na valvu zinazama.

Pampu ya petroli ni ya umeme na unaisikia ikigonga tik tik unapowasha swichi. Ikinyamaza katikati ya foleni ya Darajani, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi na itaamka; ukifika nyumbani safisha pointi zake. Na usitoe thamostati eti kwa kuwa nchi ni ya joto. Injini inayochemka mara nyingi ina rejeta iliyoziba, na huko ndiko pa kwenda.

Magurudumu ya mbele na breki

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Gurudumu la mbele la Morris hushikwa na kiungo cha tranioni: bolti nene yenye nyuzi, inayozunguka ndani ya nyumba yake kila unapokata usukani. Kikikauka grisi nyuzi zinaliwa, na siku moja, mara nyingi ukiwa unageuza polepole, gurudumu linalala chini ya gari. Bomba grisi juu na chini kila kilomita 1,000, gurudumu likiwa limenyanyuliwa kwa jeki ili grisi iingie mahali panapobeba uzito. Sisi tulio karibu na mchanga tufanye kila mwezi, gari iwe imetembea au haikutembea.

Springi za mbele ni nondo zinazojipinda. Ukizitoa zitie alama ya kulia na kushoto, na usizibadilishe pande.

Breki zote ni za dramu. Mastasilinda imejificha chini ya sakafu upande wa dereva, na ndiyo sababu inasahauliwa mpaka siku pedali inapozama. Kizibo chake kipo chini ya zulia. Mabomba ya chuma ya breki huliwa na chumvi kwa nje bila ya wewe kuona, basi yatoe yote uweke ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Hayashiki kutu, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ukuta utakaougonga.

Umeme uliogeuzwa

Kwenye Morris Minor nguzo chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi, kinyume cha gari zote ambazo kijana wa duka la betri amezizoea. Andika kwa rangi nyekundu pembeni ya betri: CHANYA NI BODI. Mimi sikuandika. Kijana mmoja alinifungia betri mpya kwa ukarimu wote, kama anavyofunga kwenye daladala, na redio yangu ikatoa moshi kabla sijamlipa. Ukitaka chaja ya simu, mtafute fundi aibadilishe gari nzima iwe hasi kwenye bodi, na dainamo igeuzwe sumaku yake, au usiweke chaja.

Nyaya zikionyesha ukungu wa kijani kwenye viungio, hiyo ni chumvi tena. Safisha kwa msasa laini, paka mafuta mgando, funga. Taa nyingi "zilizokufa" hufufuka kwa mafuta ya mgando ya shilingi kidogo tu.

Rangi, sasa ndiyo

Subiri kusi. Anza saa tatu au nne asubuhi umande ukiwa umekauka, umalize kabla ya alasiri. Mwaga maji sakafuni vumbi litulie. Rangi ya selulosi ikipigwa hewa ikiwa na unyevu hugeuka nyeupe kama ukungu wa kioo. Rangi za kisasa zenye kigumishi hazina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, lakini zina sumu ya kuvuta; mpigaji avae barakoa yenye hewa yake, si ya kitambaa.

Puti iwe nyembamba kama siagi ya mkate wa mtu bahili. Kama shimo linataka zaidi, rudi kwenye bati.

Turubai

Kila mtu hukimbilia mshona viti. Mshono wake ni mzuri, lakini mshona viti anajua kitambaa kinachokaliwa. Kitambaa kinachovutwa na upepo anakijua mshona matanga. Mimi niliwakutanisha wawili hao kwa siku moja, wakabishana tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na paa langu halivuji.

Anza na fremu, siyo kitambaa. Nyoosha vyuma, paka mafuta bawaba zake, hakikisha pande mbili zinapanda na kushuka kwa pamoja. Ubao wa mbele unaokaa juu ya kioo ukiwa umeoza, uchongwe upya kwa mvule au mninga. Mbao laini ni chakula cha mchwa. Fremu ikipinda, hakuna turubai litakaloificha.

Kitambaa cha reksini ni rahisi na hakipitishi maji, ila jua letu hukikausha kikapasuka kwenye mikunjo. Turubai tupu la pamba hupumua vizuri, ila koga hulipenda. Lililo bora kwetu ni lile la tabaka mbili lenye mpira katikati, linalouzwa kwa mita kwa ajili ya gari hizi. Liagize, ulishone hapa.

Usikate kwa kufuata turubai la zamani, kwa sababu limeshavutika. Tengeneza kielelezo kwa kitambaa cha amerikani, ukifunge juu ya fremu kwa pini, ukaze mpaka kisiwe na kunyanzi, uchore kwa chaki kila mshono, kisha ndipo ukate turubai. Mishono ilaliane kama makuti, ya juu ikiifunika ya chini, maji yateremke nyuma bila kupata mlango. Uzi uwe wa poliesta wa kuhimili jua, na sindano iwe ndogo kadiri mashine itakavyokubali, maana kila tundu la sindano ni tundu la mvua.

Siku ya kufunga, tandaza turubai juani kwa saa nzima lilainike. Chora mstari wa katikati kwenye turubai na kwenye ubao. Fremu iwe juu, ila vikamatio vya mbele visifungwe bado. Funga nyuma kwanza, ukianzia katikati kwenda pembeni. Halafu vuta mbele, piga misumari michache ya muda, funga vikamatio uone: turubai lilie kama ngoma iliyowambwa, bila kuinua milango. Likilegea, fungua uvute sentimita moja. Ukiridhika, piga misumari ya shaba, ile wanayoijua mafundi wa vyombo, kwa sababu msumari wa chuma utalia machozi ya kutu juu ya kioo chako kabla ya mwaka.

Liache limewambwa wiki mbili bila kulikunja. Baada ya hapo, sheria ni tatu: lisikunjwe likiwa bichi, lisikunjwe likiwa na mchanga, na dirisha la plastiki la nyuma lilaziwe kanga kuukuu kabla ya kukunjwa. Plastiki hiyo isafishwe kwa maji na sabuni tu. Petroli huifanya kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Kuitunza na kuitembeza

Usiifunike kwa nailoni. Inaufungia unyevu ndani. Banda la makuti lisilo na kuta ndilo bora, lina kivuli na linapumua. Mwembe una kivuli pia, lakini una embe na popo, na mzambarau ni adui wa turubai jeupe. Gari isiyotembea iwashwe na izungushwe mtaa kila wiki, siyo kuwashwa mahali na kuzimwa, maana hivyo unajaza maji ndani ya ekzosi.

Kila ukirudi kutoka pwani, mpira wa maji matamu uingie chini: ndani ya madigadi, kwenye springi, kwenye mihimili. Dakika kumi. Ukivuka nayo kwenda Pemba, imekaa saa nyingi kwenye hewa ya bahari, kwa hiyo ioshe hapo hapo ukishuka Mkoani, kabla hujaanza kupanda vilima. Na huko Pemba shuka mteremko kwa gia ile ile uliyopandia. Breki za dramu zikipata moto huchoka.

Tairi zijazwe paundi 22 hadi 24. Mwendo wake mzuri ni kilomita 60 kwa saa. Njia ninayoipenda ni ya kutoka mjini saa kumi alasiri jua likiwa limelegea, kupita Bububu hadi Mangapwani, au kukata Kizimbani msimu wa karafuu, wakati harufu inakufikia kabla hujayaona majamvi inapoanikwa. Kwenda Paje, pita Jozani taratibu. Matuta yale yamewekwa kwa ajili ya kima punju, na yanajua kukwangua ekzosi ya gari ya chini.

Watakuja wa harusi, bila shaka. Wanataka gari ya paa wazi kwa picha, kisha bibi harusi akishapambwa hataki upepo umguse. Funga paa, uende polepole. Paa likiwa wazi, kofia za waliokaa nyuma ziwekwe mapajani. Nimeshasimama barabara ya Amani kurudi kuifuata moja.

Na Idi watakuja watoto wa mtaa mzima, wakitoka Mnazi Mmoja na nguo mpya na vipande vya aiskrimu mkononi, wakitaka kuzungushwa. Nawazungusha wote, watano watano. Waliopitia ufukweni nawashusha kwanza, nawapa ndoo ya maji ya mvua, waoshe miguu.